Posa imekuja, ukoo unataka kifafa cha binti kifichwe

*Shikamoo Bibi. Naishi Ngamiani, Tanga. Binti yangu ana miaka 23, ni fundi cherehani. Ana kifafa tangu utotoni, baada ya malaria iliyompanda kichwani. Anatumia vidonge kutoka hospitali ya Bombo na ni zaidi ya mwaka hajaanguka. Sasa imekuja posa kutoka Pangani, na kijana wamependana. Baba yake na mawifi zangu wameamua upande wa pili usiambiwe, na binti aache dawa mwezi mmoja kabla ya harusi ili mume asije kuona vidonge. Wifi mkubwa anasema ikijulikana, hata wadogo zake hawataolewa, watu watasema ukoo una shetani. Humu ndani binti ana sahani na kikombe chake peke yake. Mwenyewe hasemi kitu. Nifanye nini? – Mama wa Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. La kwanza kabisa: dawa asiache. Kifafa kilichotulia kwa vidonge kimezuiwa tu, hakijaondoka. Akikatisha ghafla kinaweza kurudi kwa nguvu, degedege moja likafuata jingine bila yeye kuzinduka, na hali hiyo huua. Tena mnataka aache wakati ambapo bibi harusi halali wala hali vizuri! Kukosa usingizi huamsha kifafa upesi. Mkatishe dawa, mumkeshe usiku wa hina, kisha mumkalishe mbele ya wageni: hiyo siri mtaitoa wenyewe, mbele ya wakwe.

Baba yake nampa jambo la kufikiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, inataja kifafa cha kujirudia miongoni mwa sababu zinazoweza kuifanya mahakama ibatilishe ndoa. Kwangu mimi kuutaja ugonjwa huu humo ni kuuonea, na ningefurahi siku utakapoondolewa. Lakini kifungu cha 97 kinamtaka anayelalamika awe hakujua hali hiyo alipooa. Mume aliyeambiwa mapema hana pa kushika. Mkimficha, mnamkabidhi silaha ya kumtoa binti yenu kwenye nyumba yake, na watakaompokea akirudi ni hao hao wanaoona aibu leo.

Kuhusu shetani wa ukoo, mbona jibu umeliandika mwenyewe? Malaria ikifika kwenye ubongo huweza kuacha kovu, na kifafa kikaanzia hapo. Wengine hukipata kwa kuumia kichwa, au kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kipo pia cha kurithi, ila kovu la malaria halirithiwi na mdogo mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Binti yako yuko kwenye njia hiyo. Kisomo na dua endeleeni navyo, vidonge havigombani na Qur'ani.

Lakini kilichoniuma zaidi katika barua yako ni sahani. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa kikombe. Mtoto aliyelishwa peke yake ndani ya nyumba ya mama yake amejifunza nini? Kwamba yeye ni uchafu. Unashangaa hasemi kitu wakati posa ni yake na maradhi ni yake, na mmekaa wakubwa kuamua bila yeye! Mle naye sahani moja, kuanzia leo, na wifi akija akute hivyo.

Huyo wifi mkumbushe hadithi ya sahaba Ibn Abbas, alipomwonyesha mwanafunzi wake Ataa mwanamke mweusi aliye wa peponi. Mwanamke yule alikwenda mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba huanguka kifafa na nguo humfunuka. Aliambiwa akitaka asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, akaomba tu asiwe anafunuka. Aliusema ugonjwa wake kwa kinywa chake, na Mtume hakumtenga.

Kwa hiyo muulize binti anataka kusemaje. Nashauri amwambie kijana mwenyewe, wewe ukiwepo, kabla mahari haijapokelewa. Mshenga na wakwe wafuate. Kijana aelezwe pia la kufanya mkewe akianguka: amwondoe kwenye moto na maji, amlaze ubavu, asimtie kijiko mdomoni, asimshikilie kwa nguvu, na degedege likipita dakika 5 ampeleke hospitali.

Akikubali, waende kliniki pamoja. Daktari aambiwe mapema kwamba binti anaolewa, kwa sababu sodiamu valproeti, mojawapo ya dawa za kifafa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kama ndiyo anayotumia, daktari ndiye atakayepanga kuibadilisha, taratibu, kabla hajabeba mimba.

Na kijana akirudi nyuma, posa irudishwe kwa heshima. Binti asilaumiwe kwa kusema kweli, na wewe ndiye wa kumzuia wifi asimseme mbele yako.