Mwanangu, lafudhi haikumfukuza Jean Hersholt

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Swali lako nimelipata. Umemwona mwigizaji Jean Hersholt darasani katika Greed, filamu bubu ya 1924, na sasa unauliza Mdenmark huyu, mwenye lafudhi ya kwao na uso usio wa shujaa, alidumu vipi katika filamu za Marekani tangu 1913 mpaka miaka ya hamsini. Najua huulizi kwa ajili yake tu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Alizaliwa Copenhagen mwaka 1886 na alifika Marekani akiwa tayari anaijua kazi. Filamu zilikuwa bubu, maneno yakisomwa kwenye kadi, kwa hiyo lafudhi haikumdhuru mtu. Kilichouzwa ni uso. Mwigizaji wa nafasi za pembeni aliitwa leo awe profesa, kesho jambazi, na asiyejua kujipaka alirudi nyumbani mikono mitupu.

Kujipaka kwenyewe kulikuwa na hesabu yake. Filamu ya othokromatiki, yaani mkanda uliowekwa ndani ya kamera siku zile, haikuona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, na bluu ilitoka karibu nyeupe. Mashavu mekundu ya mtu mwenye afya yalionekana machafu, midomo ikawa kama imepakwa masizi, na macho ya bluu yakapauka. Ndiyo maana walianza na rangi ya mafuta ya waridi au njano iliyofifia uso mzima, kisha poda ya kuifunga. Nyekundu waliitumia kama kivuli: ukitaka kuonekana mwenye njaa, unaipaka kwenye bonde la shavu na kuisambaza kwa kidole mpaka usijue inaishia wapi. Ukiacha ukingo, kamera italiona doa, si njaa. Rangi ya jukwaani ilikuwa nzito, ikikauka inapasuka, na kamera ikisogea karibu nyufa zinaonekana. Mwaka 1914 Max Factor, naye mhamiaji, kutoka Poland, alitengeneza rangi nyepesi kwa ajili ya filamu, aina 12 za rangi ya ngozi.

Ndevu za bandia nazo, maana uliniuliza. Nywele za sufu za kuzitengenezea huja zimesokotwa. Zifumue, zilowanishe, zinyooshe, ziache zikauke kabisa. Paka gundi ya utomvu ulioyeyushwa kwa spiriti, sehemu ndogo kwa wakati mmoja, na usubiri ianze kunata. Ukiweka nywele gundi ikiwa bado maji, zitateleza. Anzia chini ya kidevu ukipanda juu, tabaka juu ya tabaka, kama fundi anavyoezeka makuti kuanzia ukingoni. Bandika kwa kitambaa chenye unyevu, kisha punguza kwa mkasi. Pembe za mdomo ziache wazi kidogo, kwa sababu hapo ndipo ngozi inacheza na jasho linatoka, na ndipo ndevu zinapobanduka kwanza.

Katika Greed hakukuwa na pa kujificha nyuma ya ndevu. Mwongozaji wake, Erich von Stroheim, mhamiaji kutoka Vienna, hakutaka jangwa la studio. Kiangazi cha 1923 aliwapeleka Death Valley kwenyewe. Ngozi ile iliyopasuka unayoiona kwa Marcus, mhusika aliyeigizwa na Hersholt, ni jua, si rangi. Hersholt alikonda sana, akaishia hospitali. Tazama tena pale mwisho, pingu inapomfunga McTeague, mhusika mkuu, kwenye mkono wa maiti ya Marcus. Hiyo ndiyo kazi ya nafasi ya pembeni: Marcus amekufa, na bado ndiye anayeamua mwisho wa mwenzake.

Kisha ikaja sauti. Taa za tao, zilizowaka kwa cheche ya umeme, zilikuwa zinavuma na mvumo ukaingia kwenye maikrofoni, zikabadilishwa na taa za balbu. Mwanga wa balbu una wekundu mwingi, nao ulifaa filamu mpya ya pankromatiki iliyoona rangi zote. Ujuzi wote wa kujipaka ukabidi kufundishwa upya. Emil Jannings, Mjerumani aliyepata tuzo ya kwanza ya Oscar ya mwigizaji bora, alirudi Ujerumani kwa sababu ya Kiingereza chake. Hersholt alibaki, na hapa ndipo lilipo jibu lako. Nyota alitakiwa azungumze kama watazamaji wake. Lakini daktari, babu na bawabu wa hoteli wangeweza kutoka popote duniani, na lafudhi ikawafanya waaminike zaidi. Alikuwa babu katika Heidi mwaka 1937.

Mwaka huohuo akaanza kipindi cha redio, Dr. Christian, kilichoendelea hadi 1954. Fikiria, mwanangu: redioni hakuna uso, kuna ile sauti tu uliyoiogopa kwa niaba yake. Jina la Christian alilichukua kwa Hans Christian Andersen, mwandishi wa kwao, ambaye hadithi zake alizitafsiri kwa Kiingereza.

Alijua pia kuwa wengi wa wenzake wanazeeka bila akiba. Kwa miaka mingi aliongoza mfuko wa kuwasaidia watu wa filamu, na makazi yao ya uzeeni yakafunguliwa Woodland Hills mwaka 1942. Tuzo yenye jina lake bado hutolewa kwa kazi za utu.

Sasa tafuta Grand Hotel ya 1932. Yeye ni Senf, bawabu, yuko kwenye simu akiulizia mkewe anayejifungua. Hesabu maneno aliyopewa, halafu uniandikie ni lipi ambalo lafudhi imeliharibu.

Mamako