Suluhu ya panya

SWALI: Mwalimu, natafsiri kwa Kiswahili ikisiri ya tasnifu yangu ya hisabati. Kichwa nimekiandika hivi: "Uwepo wa Suluhu za Kidunia na Mlipuko wa Suluhu katika Milinganyo ya Mawimbi Isiyo ya Mstari". Mwenzangu anasema "mlipuko" ni neno la mabomu, niliondoe. Niweke nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwenzako kamkamata mwizi wa kuku, mwizi wa ng'ombe kampita mlangoni.

Kichwa chako nilidhani ni taarifa ya mazungumzo ya amani yaliyovunjika. Suluhu ni mapatano. Limetoka kwenye Kiarabu, sulhu, na tabia yake halijaiacha. Mke na mume waliokosana hutafutiwa suluhu. Timu zikimaliza dakika 90 bila bao, zimetoka suluhu. Mlinganyo wako umegombana na nani?

Siku hizi kila kitu suluhu: suluhu ya foleni, suluhu ya mba, na juzi nimekuta kwenye kibao cha duka moja, "Suluhu ya panya". Nikasimama nikakisoma mara mbili. Ina maana panya na mwenye duka wamepatana? Wamegawana unga, huyu debe, yule kisado? Msuluhishi alikuwa nani, paka? Ndugu zangu, panya wana dawa, tatizo lina ufumbuzi, na mlinganyo una jawabu, neno analolijua mtoto wa darasa la tatu. Ukiona jawabu halina hadhi ya tasnifu, lipo suluhisho.

"Kidunia" nalo litoke. Hapa hatuzungumzii mataifa, tunazungumzia jawabu linalodumu wakati wote. Kuhusu "uwepo" badala ya "kuwepo", leo sina nguvu.

Haya, mlipuko. Nami nilitaka kuufukuza, niweke "kupaa", kama bei ya sukari. Lakini kuna vinavyopaa milele na siku yao ya mwisho haifiki. Chukua mlinganyo mdogo: kasi ya kukua kwa y ni mraba wa y, na y inaanzia 1. Jawabu ni 1 gawanya kwa (1 − t), t ikiwa ni sekunde zilizopita. Sekunde ya 0.9 una 10, ya 0.99 una 100, ya 0.999 una 1,000. Sekunde ya 1 ikigonga, hakuna namba ya kuandika. Kupaa hakuna saa namna hiyo, mlipuko unayo.

Mawimbi ni hivyo hivyo. Mwanahisabati Fritz John alionyesha mwaka 1979 kwamba, katika anga ya vipimo vitatu, wimbi linalojisukuma kwa kipeo p cha ukubwa wake lina mpaka: 1 + √2, yaani kama 2.414. Kipeo kikizidi hapo, kiwimbi kilichoanza kidogo vya kutosha hudumu milele. Kikipungua, na maadamu p imezidi 1, hata kiwimbi kiduchu kilichoanzia eneo dogo kitafikia saa yake. Kitu chenye saa ya kufa, kikiitwa mlipuko sitapiga kelele, ingawa baruti sijaiona.

Basi andika: "Majawabu Yanayodumu na Yanayolipuka katika Milinganyo ya Mawimbi Isiyo ya Mstari". Msimamizi wako akikataa, hapo ndipo mtafute suluhu.