Maswali ya wasomaji: Krismasi kijijini na watoto wadogo

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja: familia zinafunga safari kwenda nyumbani kwa sikukuu, na ndani ya mizigo kuna watoto ambao hawajafika hata umri wa kuanza shule. Tumechagua saba. Zile zinazogusa uhai wa mtoto tumezijibu kwa kirefu.

Shikamooni wahariri. Tunaishi Kimara, Dar es Salaam, na tarehe 22 tunapanda basi kwenda kwa wakwe zangu, Rombo. Nina mtoto wa miaka minne na mdogo wake wa miezi 18. Mwaka jana mkubwa alitapika tangu Chalinze mpaka Same. Usiku wa kwanza kijijini wote wawili walilia kwa baridi, mama mkwe akatuletea jiko la mkaa chumbani. Safari hii nijiandae vipi? (Mama wawili, Kimara)

Marahaba, mama. Tuanze na jiko, maana hilo ndilo linaloua. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi hata kidogo, bado unaitoa, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Anayeivuta akiwa usingizini hashtuki wala hakohoi. Anazidi kuzama tu. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko libaki uani, lichemshe maji ya kuwaogesha watoto kabla jua halijazama, basi. Mama mkwe ana haki ya kuwahurumia wajukuu, kwa hiyo mpe namna nyingine ya kufanya hivyo: mwombe blanketi la pili. Desemba huko si msimu wa baridi kali, lakini mtoto aliyezoea joto la Dar anahitaji fulana ya ndani, sweta, suruali na soksi usiku. Ukitaka kujua kama umemfunika kupita kiasi, mguse nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja.

Sasa basi. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuchafukwa na safari, hivyo mzigo wako ni huyo mkubwa. Kata tiketi mapema uchague siti za katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa sababu huko nyuma kabisa basi linarusha zaidi. Mnunulie siti yake karibu na dirisha. Simu yenye katuni iwekwe mbali: macho yakiganda kwenye kioo huku masikio yanahisi mwendo, ubongo unapokea habari mbili zisizopatana, na matokeo yake ni kichefuchefu. Aangalie mbali, milima ya Usambara ikifika mhesabie vilele.

Asipande na tumbo tupu, wala lililojaa. Nusu kikombe cha uji mwepesi au kipande cha mkate mkavu saa moja kabla ya safari kinatosha. Njiani mpe biskuti kavu au nusu ndizi mbivu kidogo kidogo; maziwa, soda na chipsi za stendi ziache. Akitapika, subiri kama dakika kumi, kisha mpe maji kijiko kimoja kimoja.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo chukua kopo tupu la aiskrimu la lita 2 lenye mfuniko unaobana, utandike ndani pampasi iliyofunguliwa. Matapishi yananyonywa, kopo linafungwa, harufu haisambai mpaka basi lisimame watu wachimbe dawa. Weka mapampasi mawili ya akiba kwa ajili hiyo, mbali na yale ya mdogo. Nguo za kubadilisha na masweta yakae kwenye begi la mkononi. Begi lililoko kwenye buti hulipati mpaka Njia Panda ya Himo, na hapo kunaweza kuwa kumeshapoa.

Kuhusu dawa za kuzuia kutapika: promethazini haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumzuia kupumua. Kwa huyo wa miaka minne mwone mfamasia akupimie kwa uzito wake. Usikadirie kwa kijiko cha chai.

Habari za kazi. Krismasi huwa tunapokea wageni zaidi ya ishirini na hatuna friji. Mwaka jana pilau ya mchana tuliipasha moto jioni, watoto wanne wakaharisha usiku kucha, wakubwa hatukupata kitu. Tatizo lilikuwa nyama? (Mama Neema, Morogoro)

Salama, Mama Neema, na pole. Inawezekana ilikuwa nyama, lakini mshukiwa ambaye watu wanamsahau ni wali wenyewe. Mchele huja na mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa kuchemka. Sufuria ikishaipuliwa na kufunikwa, katikati pilau inabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hilo ndilo joto bakteria wanalolipenda. Wanazaliana, na baadhi yao wanaacha sumu ambayo moto wa jioni hauiondoi. Watu wazima wanaweza kula sufuria hiyo hiyo wakahisi tumbo kunguruma tu, huku mtoto wa kilo 12 anaishiwa maji.

Bila friji, dawa ni kupika mara mbili. Kilo moja ya mchele huwatosha watu wazima sita au saba, na watoto wadogo wawili uwahesabu kama mtu mzima mmoja. Pika ya mchana inayotosha mchana tu. Kwa jioni, mchele ukae mkavu kwenye mfuko wake, viungo viwe vimeshatwangwa, na nyama ya jioni ichemke upya saa hiyo. Sufuria ya kwanza ikifunguliwa, wapakulie watoto kwanza. Pilau iliyokaa saa mbili bila moto wasipewe tena, na kwa joto la Morogoro Desemba, ihesabu saa moja.

Jambo la pili ni beseni. Kunawa watu ishirini ndani ya beseni moja ni kugawana uchafu wa wa kwanza. Mtu mmoja ashike birika, maji yatiririke juu ya mikono, sabuni ipite, watoto waanze. Kachumbari nayo ikatwe kwenye ubao ambao haukukatiwa kuku mbichi.

Nunua mapema pakiti nne za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki, kwa sababu tarehe 25 usiku duka la dawa la karibu linaweza kuwa limefungwa. Pakiti moja inakorogwa kwenye lita moja kamili ya maji safi. Ukiikoroga kwenye chupa ya nusu lita, chumvi inazidi na inamdhuru. Baada ya kila choo cha majimaji, wa chini ya miaka miwili anywe robo hadi nusu kikombe, wa juu ya hapo nusu kikombe hadi kikombe kizima, kwa vijiko. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki ni miligramu 20 kwa siku (miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita) kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma siku ya pili. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, anatapika kila anachopewa, au hajakojoa kwa saa sita, hapo si pa kusubiri mapambazuko.

Wahariri, bibi yetu wa Kibosho huwaonjesha wajukuu mbege, anasema inawapa nguvu. Mwanangu ana miaka mitatu. Namkatalia vipi bila kumvunjia heshima? (Baba Ester, Moshi)

Ndugu yetu, hapa heshima na usalama vinaweza kukaa meza moja, mradi mazungumzo yafanyike kabla ya sherehe, ninyi wawili, mbele ya watu asisemwe. Mwambie sababu: pombe hushusha sukari kwenye damu ya mtoto mdogo, hasa akiwa hajala, naye anaweza kulegea au kupata degedege. Wakubwa watadhani amesinzia kwa uchovu wa sikukuu. Hata mbege changa ina kilevi.

Halafu mpe bibi kazi ambayo hakuna wa kumshinda: kulisha mtori. Ndizi mshare zilizoiva kwenye supu, zikapondwa kwa mwiko mpaka zikawa laini, nyama ikachambuliwa nyuzi nyuzi, chumvi kidogo, pilipili kando. Bibi akishika bakuli hilo, nafasi yake mbele ya wajukuu iko palepale.

Hiyo nyama kuchambuliwa ina sababu. Kipande cha ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) chenye mnofu mgumu, karanga, bisi na pipi ngumu ndivyo vinavyokaba watoto wa chini ya miaka mitano, hasa wanaokula wakikimbia. Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Aliyenyamaza, hapumui, anabadilika rangi: mwinamishe, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, kama amevuka mwaka mmoja simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano. Kwa kichanga wa chini ya mwaka mmoja usibonyeze tumbo kabisa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara tano, mgeuze, bonyeza kifuani kwa vidole viwili mara tano. Rudia zamu hizo huku mwingine akitafuta usafiri. Usiingize kidole mdomoni kukipapasa usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Nyumbani kwa wazazi tutakuwa na watoto kumi na mmoja na vyumba vitatu. Miaka yote wanalazwa sebuleni pamoja na wajomba vijana. Mume wangu anasema naleta mambo ya mjini nikilalamika. (Dada wa Iringa)

Dada, huleti mambo ya mjini. Mtoto anaweza kudhuriwa na mtu anayemfahamu na kumwamini, na sebule yenye giza iliyojaa wageni humpa mtu huyo nafasi. Huhitaji kumtuhumu yeyote ili upange malazi. Sema tu, "Watoto watalala chumba hiki pamoja na shangazi," ukayatandike mwenyewe magodoro kabla jua halijazama. Wasichana wadogo peke yao, wavulana wadogo peke yao, vijana wakubwa na watu wazima mahali pengine. Taa ya korido iwake, na anayekwenda chooni usiku amwamshe mama au shangazi. Kichanga asilale katikati ya watu wazima, na hasa asilale kitanda kimoja na aliyekunywa pombe.

Kabla ya safari waambie watoto, kwa majina ya kawaida ya viungo, kwamba hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kuwagusa sehemu za siri na kuwataka wanyamaze. Mtoto akikuambia kitu, mwamini, usimhoji mbele ya ukoo. Usimwogeshe wala kufua nguo zake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Namba 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kikao cha familia hakichukui nafasi ya hayo.

Mtoto wa kaka alimwagikiwa chai ya thermos sikukuu iliyopita, wakampaka dawa ya meno. Ni sahihi? (Msomaji wa Dodoma)

Hapana. Dawa ya meno, yai, asali, unga na mafuta ya taa vinashika joto na kuleta vijidudu. Mmwagie palipoungua maji safi ya bomba au ya kumiminwa kwa kata, yasiyo na barafu, kwa dakika 20 kamili ukiangalia saa. Vua nguo na bangili kabla hapajavimba, isipokuwa kitambaa kilichoganda. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Jeraha la usoni, mikononi, sehemu za siri, au lililozidi kiganja cha mtoto mwenyewe liende hospitali.

Ajali hizi hutokea nyumba ikiwa imejaa watu wazima, kila mmoja akidhani mwingine anamwangalia mtoto. Tafuteni kofia moja. Anayeivaa ndiye mwangalizi: hapiki, hanywi, hashiki simu. Baada ya saa moja anamvika mwingine kwa kutamka jina lake, "Sasa ni wewe."

Nguo za sikukuu au sare za Januari? Pesa ni moja. (Baba wa watatu, Tabora)

Sare na madaftari kwanza, kaka, kabla hujakata tiketi ya kwenda popote. Viatu vyeusi vya shule vinunue sasa, avivae Krismasi kanisani. Mtoto asimame wima, na mbele ya kidole chake kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Gauni au shati jipya moja linatosha.

Tunaishi Arusha, Krismasi tunakwenda Muheza. Mwaka juzi mtoto alipata homa tumesharudi, tukadhani mafua. (Mama Baraka)

Mama Baraka, malaria haijitokezi siku unayoumwa na mbu. Huanza siku ya saba au zaidi, mara nyingi wiki ya pili, mkiwa mmeshafungua shule. Homa yoyote ndani ya miezi miwili baada ya safari ipimwe siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu, hata asipouliza, kwamba mtoto alikuwa Muheza. Kipimo kikisema hana na homa ikaendelea, apimwe tena baada ya siku moja au mbili.

Akikutwa nayo na kupewa dawa ya mseto (ALu), ni dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, inaingia vizuri zaidi mwilini. Akiitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo na urudi kituoni kuchukua ya kufidia, ili ya siku ya tatu isipungue.

Chandarua chenye dawa beba chako kutoka Arusha, pamoja na misumari minne na kamba. Kitundike kabla ya saa kumi na mbili jioni na ukichomeke chini ya godoro pande zote.