Mwache Mkeo Aende kwa Wenzake

*Shangazi, mke wangu alijifungua miezi mitano iliyopita. Tangu hapo analia, halali, hali. Daktari amesema ni sonona ya baada ya kujifungua, na ameanza dawa. Shida ni kwamba kila Jumamosi anaenda kwenye kikoba na kuwaeleza wenzake hali yake. Mama yake naye anataka kuja kukaa kwetu. Yote mawili nimeyakataza, sitaki mambo ya ndani yatoke nje. Kila kitu nampa. Nimekosea wapi? Baba Mtoto, Dar es Salaam*

Pole, mwanangu. Ila katika barua yako sikumwona mke anayetoa siri. Nimemwona mume anayeogopa majirani. Unasema kila kitu unampa, lakini hukuandika popote kwamba umewahi kukaa ukamsikiliza, wala nani humbeba mtoto usiku. Mimi niko upande wa mkeo.

Mzazi hakuachwa peke yake tangu enzi za bibi zetu. Arobaini nzima mmoja anamkanda kwa maji ya moto, mwingine anakoroga uji, mwingine anashika mtoto ili mama alale. Nyinyi vijana mnapanga nyumba yenye geti, mnalifunga, mnasema ndoa ni ya watu wawili. Haya, ndoa ni ya wawili. Kulea na kuuguza je? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dawa asiache. Lakini kidonge hakiamki saa nane usiku kubembeleza mtoto. Kule Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi wazee 14, wakafundishwa kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha waliopitia mabenchi hayo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Baadaye hukaribishwa kwenye vikundi, wanafuma mikoba huku wakizungumza. Mkeo kikundi anacho tayari, na wewe ndiye unayemtoa!

Mpigie mama mkwe leo, mwombe radhi, mtumie nauli. Jumamosi mkeo aende kikoba, mtoto abaki nawe. Kliniki mwende pamoja, umwulize daktari maswali yako. Na siku akisema amechoka kuishi, usimhubirie. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usimwache peke yake hata kidogo.