Kabla ya Kwenda Turkana, Soma Kwanza Maji Yanakotoka

Mwaka 2016, nilipokuwa ninajiandaa kwa safari yangu ya kwanza ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, nilipita kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya Nairobi nikanunua vitabu saba. Nilivichagua kwa majalada. Kitabu kilichokuwa na mchanga, ngamia au jua linalozama kilinitosha, na vingi kati yake viliandikwa na wageni waliokuja kupima uvumilivu wao jangwani. Nilivisoma vyote kwa miezi miwili nikiwa nyumbani Tanga, na nilipofika Lodwar nilikuwa ninajua namna nyingi ambazo kiu inaweza kumuua mtu, lakini sikujua kwamba mto Turkwel, unaopita kando ya mji ule na kuulisha, unaanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mamia ya kilomita kusini.

Siku ya tatu tulikuwa kaskazini ya Lodwar, saa nane mchana, tukafika kwenye mkondo mpana wa mchanga mkavu, wa aina ambayo watu wa kaskazini mwa Kenya huiita laga. Kingo zake zilikuwa na migunga mikubwa yenye kivuli kizuri kuliko chochote tulichokuwa tumekiona tangu asubuhi. Nikamwomba dereva asimame pale pale mchangani ili tuchemshe chai.

“Mwalimu, hapa hatunywi chai,” alinijibu. “Tuvuke kwanza.”

“Mbona hakuna hata wingu?”

“Hapa hakuna. Angalia kule.” Alinyoosha kidevu kuelekea vilima vya magharibi, ambako palikuwa na weusi mdogo ambao mimi nilikuwa nimeuchukulia kuwa ni kivuli cha vilima vyenyewe.

Tulivuka, tukateleka birika ng’ambo ya pili. Halijachemka, tulisikia mngurumo kama wa lori linalopita kwenye kokoto, kisha maji yakaja. Mbele yalitanguliza povu la rangi ya udongo, samadi ya mbuzi, vijiti na kandambili moja ya bluu, na mwanzoni hayakufika magoti. Baada ya dakika chache yalikuwa yamejaza laga kutoka ukingo hadi ukingo, na pale nilipotaka kuketi hapakuonekana tena. Lori lililokuwa likitufuata lililala upande wa pili hadi asubuhi. Juu yetu jua lilikuwa linawaka vile vile, wala hatukupata hata tone.

Usiku ule nilivipitia tena vitabu vyangu saba kimoja kimoja, na hakuna kilichonieleza kwamba katika nchi ile mvua hunyesha mahali pengine na mafuriko yakamfikia mtu aliyeketi juani. Tangu hapo nimekuwa na kipimo kimoja cha kuchagulia vitabu vya safari ya jangwani, na nimekitumia tena nilipokwenda mara ya pili mwaka 2022: kabla sijalipa, ninatafuta ndani ya kitabu mahali panapoeleza maji ya nchi ile yanatoka wapi, yanafika lini, na nani ana haki ya kuyatumia. Kitabu kisichojibu hata moja kati ya maswali hayo huwa ninakirudisha mezani, hata kiwe kimesifiwa namna gani.

Kwa Turkana kipimo hiki kinakupeleka mbali zaidi ya mipaka ya Kenya. Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita 250 hivi, halina mto unaotoka, na zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia huletwa na mto Omo kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Lodwar penyewe hupata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Kwa hiyo msomaji anayejiandaa kwa vitabu vya Kenya peke yake anasoma habari za beseni bila kusoma habari za bomba. Tafuta angalau maandishi mamoja yanayohusu bonde la Omo, na hasa bwawa la Gibe III, ambalo lilizinduliwa Desemba 2016, mwaka ule ule niliofanya safari yangu ya kwanza bila kujua lolote juu yake. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na bwawa hilo lilikuwa sababu kubwa. Mvuvi wa Kalokol, mji ulio karibu na ufukwe wa magharibi wa ziwa, analijadili bwawa la Ethiopia kama mkulima wa kwetu anavyojadili bei ya mbolea, na mgeni asiyejua chochote kulihusu hukaa kimya katika mazungumzo ambayo pengine ndiyo aliyoyafuata.

Hapo ndipo mwaka wa kuchapishwa unapokuwa na uzito kuliko kawaida. Vitabu vya miaka ya 1980 na 1990 vitakuonyesha ziwa linalorudi nyuma, ghuba ya Ferguson iliyokauka, na kiwanda cha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway kikabaki bila kazi. Maandishi mengi ya wakati bwawa lilipokuwa linajengwa yalionya kwamba ziwa lingepungua sana. Nilipokwenda mwaka 2022 nilikuta kinyume chake: mvua nyingi za nyanda za juu zilikuwa zimeliinua ziwa hata likafunika nyumba, miti na barabara za ufukweni, na nahodha aliyetuchukua alipitisha boti katikati ya vilele vya mikoma iliyosimama majini. Sisemi kwamba waliotoa onyo walikosea, kwa sababu bwawa bado lipo na miaka ya ukame haijaisha. Ninachoshauri ni kwamba usiende ukiwa umesoma kitabu cha mwaka mmoja tu. Soma kimoja cha zamani na kimoja cha karibuni, na ujaze pengo lililo kati yake kwa taarifa za magazeti, kwa maana ufukwe uliochorwa katika ramani ya kwanza huenda usiwe ufukwe utakaoukanyaga.

Ningependa pia usiogope vitabu vya elimu ya miamba na visukuku, ambavyo wasafiri wengi huviruka wakidhani ni vya wanachuo. Ukivisoma utaelewa kwa nini ziwa lililozungukwa na jangwa lina sangara na mamba wale wale wa mto Nile: maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, ziwa lilijaa likafurika kuelekea kaskazini-magharibi na kuungana na maji ya Nile. Watu waliishi ufukweni wakivua kwa vyusa vya mifupa vyenye meno, na vyusa hivyo huokotwa leo mahali ambapo ziwa halionekani kabisa. Karibu na ufukwe wa magharibi, Nariokotome, mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilichowaongoza wachimbaji hadi kwenye mifupa ya kijana aliyeishi takribani miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu alikuwa Mkenya aliyejifunza kazi ile kwa macho yake mwenyewe, na kitabu chochote kinachosimulia ugunduzi huo bila kumtaja kwa jina ningekitilia shaka katika mengine pia.

Sasa, vitabu vya wasafiri wa zamani. Sishauri kuviacha, kwa sababu mimi mwenyewe kimoja kati yake kilinigusa kwa namna ambayo sikuitarajia. Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, aliandika habari za msafara wake na Samuel Teleki, uliofika ziwani Machi 1888 na kuliita Rudolf, jina la mwanamfalme wa kwao, ambalo lilidumu hadi mwaka 1975. Nilikuwa ninakisoma kama kitabu cha Wazungu mpaka nilipoona kwamba msafara ule ulianza safari ya bara kutoka Pangani, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwangu, na kwamba mmoja wa viongozi wake alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyejulikana pwani yetu. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao wakiwa watu wa pwani na Unguja, na hapana shaka Kiswahili kilisemwa kando ya ziwa lile siku ile ile ambayo Ulaya inaihesabu kuwa siku ya ugunduzi. Njaa, kiu na maradhi viliua wengi wao. Nilirudi mwanzo nikakisoma upya, safari hii nikifuatilia kila mahali wanapotajwa wapagazi: walipewa maji kiasi gani, nani aliachwa njiani, nani alijua kisima kilipo. Kitabu kilekile kikawa kingine. Basi ukikipata, au ukipata chochote cha namna yake, soma ukiwa na swali hilo la nani alibeba na nani alionyesha maji, na uruke bila kujuta kurasa za kuua tembo.

Kuhusu Waturkana wenyewe, nimenufaika zaidi na wataalamu waliokaa miaka mingi na wafugaji kuliko na wapita njia. P. H. Gulliver aliandika mwaka 1955 juu ya familia na mifugo ya Waturkana na majirani zao Wajie wa Uganda. Lugha yake ni ya zamani na nchi imebadilika, lakini anaeleza kwa utulivu kwa nini familia moja huwa na mifugo mahali panne tofauti kwa wakati mmoja. Kutoka katika maandishi ya aina hiyo, na mengine ya wataalamu wa misitu, ndimo nilimojifunza neno ekwar. Ni sehemu ya ukingo wa mto, pamoja na miti yake, ambayo familia fulani ina haki nayo, hasa haki ya maganda ya mgunga yanayodondoka kiangazi na kuwa chakula cha mbuzi wakati majani yamekwisha.

Mara ya pili, tulipofika kwenye migunga ya ukingo wa Turkwel, sikuweka mkeka. Nilimwomba dereva amwulize mzee aliyekuwa ameketi juu ya kigoda chake kidogo mbali kidogo na sisi kama kivuli kile kina mwenyewe. Mzee alinitazama kwa muda, akasimama, akaja hadi chini ya mti, akaanza kukusanya kwa fimbo yake maganda yaliyokuwa yametapakaa, membamba, ya manjano, yaliyojikunja kama pete, yanayolia kama njuga ukiyatikisa. Alipokwisha kuyasogeza kando, alionyesha mahali palipobaki patupu akasema neno moja, na dereva akanifasiria kwamba tumekaribishwa. Laiti ningeyajua hayo mwaka 2016, nisingeyakanyaga maganda ya watu kwa siku tisa.

Historia ya siasa inahitaji kitabu kimoja tu kabla ya safari, lakini usikiache. Barabara ya kutoka Kitale inapita Kapenguria, ambako Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1952, kisha wakapelekwa kufungwa Lokitaung, karibu na ncha ya kaskazini ya Kenya. Serikali ya kikoloni iliichagua nchi hii kuwa gereza kwa sababu haikutaka mtu aingie wala atoke, na ukilijua hilo hutashangaa kwa nini lami ilichelewa.

Katika kuvibeba vitabu vyenyewe, sikiliza ya aliyepata hasara. Kitabu nilichokiacha mbele ya gari, chini ya kioo, kiliyeyuka gundi ya mgongo kwa mchana mmoja, na kurasa 40 zikatawanyika kama karata nilipokifungua ufukweni, kwa kuwa upepo wa ziwa lile haupumziki hasa asubuhi. Simu nayo hupata joto ikajizima. Maliza kusoma nyumbani, nakili unayoyahitaji katika daftari lililoshonwa kwa uzi, uchukue ramani ya karatasi inayoonyesha malaga yote kwa majina, na kitabu kimoja tu chembamba, ukifunge kwa kitambaa.

Mimi mwaka 2022 nilichukua kijitabu cha picha za samaki wa maziwa ya Afrika Mashariki. Nilikichagua kwa sababu kilikuwa chepesi, na kikawa ndicho kilichonipatia mazungumzo mengi zaidi. Nahodha wetu alikifungua tukiwa tumetia nanga, akawa anaweka kidole juu ya kila picha na kutaja jina kwa Kiturkana, kisha kwa jina la soko la Kalokol, na mimi nikiandika kwa penseli pembeni. Picha moja aliikataa, akasema mkia umechorwa vibaya, akanichorea wake juu ya karatasi ya sigara. Nina majina 19 sasa, na ile karatasi nimeibandika ukurasa wa 31. Hicho ndicho ninachomwazima mtu yeyote anayeniambia anakwenda Turkana, kwa sharti kwamba arudi nacho na aongeze majina ninayoyakosa.