"Ad valorem" bandarini na "For Valour" kaburini: ni neno moja?

SWALI: Mimi ni wakala wa forodha hapa Mombasa. Kila siku naandika "ad valorem" kwenye hesabu za ushuru. Juzi nilipita makaburi ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza pale Voi, nikaona jiwe lililochongwa msalaba wenye maneno "For Valour", kwa ushujaa. Binti yangu anayesoma Kifaransa anasema "valeur" ni thamani. Ushujaa na bei vilikutana wapi? Je, liwali wetu wa zamani naye yumo? Na mteja nimwelezeje "ad valorem" kwa Kiswahili?

JIBU: Ndugu yangu, umeona sawasawa, neno ni moja. Ila usianzie kwenye ushujaa wala kwenye bei. Anzia kwenye nguvu.

Warumi walikuwa na kitenzi "valere", na ile herufi ya kwanza waliitamka kama w yetu. Maana yake ilikuwa kuwa na nguvu, kuwa mzima. Wakiagana walisema "vale", yaani uwe mzima. Wakiagwa wengi, "valete". Barua zao nazo zilikuwa na ufunguzi wa mazoea: "si vales, bene est, ego valeo". Ukiwa mzima ni vyema, mimi ni mzima. Ufunguzi huo ulizoeleka mno hata wakawa wanaandika herufi za mwanzo tu za kila neno. Sisi tuliokulia enzi za barua za posta hatuhitaji kufafanuliwa: "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako."

Kutoka nguvu hadi bei si mbali. Kwetu shilingi hupoteza nguvu, na sheria huanza kuwa na nguvu tarehe fulani, kwa neno lile lile tunalolitumia kwa misuli ya mpagazi. Warumi nao walikiambia kitenzi chao kihesabu fedha: sarafu hii "valet", ina nguvu ya kiasi fulani. Humo humo ndimo kilimotoka kivumishi "validus", mwenye nguvu, ambacho Waingereza wamekigeuza "valid" wanapozungumzia mkataba halali. Ndiyo maana "invalid" yao ni mkataba batili na pia ni mgonjwa asiyejiweza. Vyote viwili vimeishiwa nguvu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Hudhani "valor" ilikuwa ushujaa tangu Roma, kisha wafanyabiashara wakaiteka. Sivyo. Waandishi wa zama za Cicero, yule msemaji maarufu wa Roma, hawakuwa nayo. Ushujaa waliuita "virtus", kutokana na "vir", mwanamume, na bei wakaiita "pretium". Nomino "valor" ilitokea katika Kilatini cha baadaye, na maana yake ilikuwa thamani. Kwa hiyo kile unachokiandika kwenye hesabu zako kiko karibu na asili ya nomino hiyo kuliko kilichochongwa kaburini. "Ad" katika "ad valorem" ni kwa kadiri ya, na mkia "-em" ni ule ambao "ad" huudai kwa nomino inayoifuata.

Ushujaa uliingia Ufaransa ya zama za kati. Mtu wa "valor" alikuwa mtu bora: mwaminifu kwa bwana wake, mkarimu, mwenye kauli. Lakini lile lilikuwa tabaka la wapiganaji wa farasi, na kwao ubora wa mtu ulionekana pale mikuki ilipokutana. Mwenye thamani ni asiyekimbia. Neno likakaa hivyo, likibeba maana zote mbili.

Kifaransa cha Wanormani kilikuwa kimeshaingia Uingereza tangu 1066, na kufikia miaka ya 1300 "valour" inasomeka katika Kiingereza, bado ikimaanisha thamani. Pembeni yake likawapo neno jingine la ukoo huo huo, "value", lililotokana na kitenzi cha Kifaransa "valoir". Lugha ikiwa na maneno mawili kwa kazi moja, aghalabu huyagawia kazi. "Value" ikashika fedha, "valour" ikashika vita, na mwishoni mwa karne ya 16 mgawanyo huo ulikuwa dhahiri. Katika ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, Kaizari anasema waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao, lakini jasiri huonja mauti mara moja tu. Huyo jasiri katika Kiingereza ni "the valiant", tawi la mti ule ule. (Wamarekani huandika "valor" bila u, hilo ni suala la tahajia tu.)

Msalaba uliouona ni nishani ya ushujaa ya Uingereza, Victoria Cross, iliyoanzishwa mwaka 1856. Maneno yaliyopendekezwa kwanza yalikuwa "For the Brave", kwa walio jasiri. Malkia Victoria akayakataa: ingeonekana kwamba jasiri ni hao tu waliopewa msalaba, na wengine wote si kitu. Akataka "For Valour", ambayo husifu tendo bila kuwatweza wenzake. Naona alikuwa na sikio zuri la lugha. Jiwe uliloliona Voi ni la Wilbur Dartnell, luteni Mwaustralia aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa mguu na anabebwa kuondolewa. Alipoona adui amefika karibu na kuna majeruhi wasioweza kusogezwa, akashikilia aachwe pamoja nao, akitumaini kuwaokoa.

Ufaransa mambo yalikwenda kinyume. Mtunzi wa tamthilia Corneille aliandika mwaka 1637 kwamba kwa waliozaliwa na roho njema "valeur" haingoji hesabu ya miaka, na mstari huo bado wanaukariri. Nishani yao ya kijeshi ya mwaka 1852 ina maneno "Valeur et discipline". Lakini mtaani leo "valeur" ni thamani, kama asemavyo binti yako, na hata kodi ya ongezeko la thamani wanayolipa Kinshasa na Bujumbura huitwa TVA, na V yake ndiyo "valeur". Mhispania hakuacha kitu: "valor" kwake ni bei na ni ujasiri vilevile. Mreno naye anayo "valor", ila ujasiri wa kila siku huuita "coragem". Hao Wareno walikaa pwani yetu takriban miaka 200 wakatuachia meza na gereza, lakini si "valor". Kazi hiyo twaifanya kwa thamani, tuliyoipata kwa Waarabu. Waitaliano walitoa "valuta", ikasafiri na mabenki hadi Urusi, ambako ndiyo fedha za kigeni.

Kuna pia ndugu wa mbali, ambao hawakupita Roma kabisa bali walitoka shina la kale zaidi: "wield" ya Kiingereza, jina Harold, na Vladimir wa Warusi. Liwali hayumo. Yeye ni "al-wali" wa Kiarabu, mtawala aliyepewa mamlaka ya mahali, kutoka mzizi mwingine kabisa. Sauti zimefanana tu.

Sasa mteja. Mwambie ni ushuru wa asilimia ya thamani. Katika Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ngazi zake ni 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, nazo hupigwa kwenye thamani ya mzigo ikiwa pamoja na bima na nauli. Bidhaa inayotozwa kwa kilo au kwa tani haimo humo. Iite ushuru wa kipimo ili asichanganyikiwe. Penye sharti la kutoza kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, mwonyeshe hesabu zote mbili kabla hajakuuliza. Na ikikujia hati ya Kihispania, "valor" iliyoandamana na sarafu ni bei. Wingi wake, "valores", ukiikuta kwenye karatasi za benki ni hisa na hati fungani, na ukiikuta kwenye barua ya shule ni maadili.