Andy Morrell wa Wrexham

Ndugu, umeuliza kama kuna straika wa madaraja ya chini Uingereza aliyeng'ara kama kocha nje ya ligi nne za juu. Mtazame Andy Morrell. Msimu wa 2002/03 alifunga mabao 34 ya ligi akiwa na klabu ya Wrexham, daraja la nne! Akapita Coventry, Blackpool na Bury, kisha akarudi. Mwaka 2011 akawa kocha-mchezaji, timu ikiwa daraja la tano. Msimu huo walivuna pointi 98 na bado hawakupanda, maana Fleetwood walimaliza juu yao. Iliniuma sana. Machi 2013, Wembley, fainali ya FA Trophy, kombe la timu zilizo nje ya ligi nne za juu: Grimsby wanaongoza, Thornton wa Wrexham anasawazisha kwa penalti, Wrexham wanabeba kombe kwa matuta.